Kitako cha Bunduki Yangu na Glavu ya Mahendra

Mahendra aliazima bunduki yangu ya upepo, ile ya kulengea shabaha, akakaa nayo wiki nzima, akanirudishia kitako kina ufa. Hilo ningelimeza. Kilichonikaba ni kwamba Jumatatu, huyohuyo Mahendra, kwa kuwa ndiye mkaguzi wa usalama wa klabu yetu hapa Kenton, ughaibuni, aliipapasa mbele ya wanachama wote, akauona ufa, akatangaza kwamba Jumamosi bunduki hiyo haipigi. Na Jumamosi ndiyo mashindano na wazee wa Hounslow, watu niliowangoja tangu watuaibishe mwaka jana.

"Umeivunja wewe," nikamwambia.

"Avtar, juzi ulituambia mbweha wa bustanini kwako anajua Kipunjabi."

"Anakielewa. Kukisema bado. Lakini hili la bunduki ni kweli."

Wakacheka mpaka mwenzetu Surjit akamwaga chai.

"Nunua kitako kipya," Mahendra akasema. "Plastiki haiungwi."

Ananiambia hivyo mimi, niliyekulia Nakuru, ambako beseni la plastiki liliungwa kwa kisu cha moto likaishi kuliko mwenye nyumba.

Kesho yake nikaondoa mtutu, nikalaza kitako peke yake juu ya meza ya jikoni.

"Hapo ndipo ninaposukumia chapati," mke wangu Rupinder akasema.

"Leo tutakula mkate."

Nikamulika ufa kwa tochi. Unang'aa. Kumbe mtu alishamimina humo ile gundi inayokauka kabla hujamaliza kutukana. Na ndani ya gundi umenasa uzi wa sufu, rangi ya zambarau. Klabu nzima ni Mahendra tu anayepiga akiwa amevaa glavu za zambarau, alizofumiwa na mkewe.

"Rupinder, njoo uwe shahidi."

Akavaa miwani, akaangalia. "Ni yeye. Lakini mimi ni mke wako, watasema umenifundisha. Wapelekee wauone humohumo."

"Nikiuacha humo, gundi mpya haishiki, na Jumamosi sipigi. Lazima nikwangue."

"Na ukikwangua?"

"Nitabaki na kipande cha uzi. Watasema nimeuchomoa mwenyewe kwenye glavu yake."

Mtu anakuvunjia, anaficha, anakufungia, halafu hata kumshtaki huwezi. Nilikwangua kwa hasira hadi meza ikatikisika. Uzi nikautoa kwa kibanio cha nyusi cha Rupinder, nikauweka kwenye kisahani. Nikatoboa kitundu kwenye ncha ya ufa usiendelee mbele, nikapiga msasa, nikafuta kwa spiriti. Nikachanganya gundi ya mirija miwili, nikaisukumia ndani, nikakaza kwa vipande vya tyubu ya baiskeli, kama tulivyokaza kila kitu Nakuru, hata vitanda.

Jumatano nikafungua. Nikakikandamiza kwa goti: hakikulia. Ndipo nikapaka juu tabaka la mwisho la gundi angavu, na humo nikaulaza ule uzi, umenyooka, waziwazi, kama nzi ndani ya jeli.

Jumamosi Mahendra akaipokea bunduki, glavu mikononi, moja imetoboka kidoleni. Akakandamiza, akapinda, hakusikia kitu. Kisha kidole gumba kikafika kwenye uzi. Akautazama. Akatazama glavu. Akanitazama mimi.

"Nini hicho cha zambarau?" Surjit akauliza nyuma yake.

Wote wakaningoja.

"Unyoya wa mbweha," nikasema. "Aliniomba nimwekee kumbukumbu."

Wakaangua kicheko. Mahendra naye akacheka, kwa kuchelewa, huku akivua glavu na kuzisokomeza mfukoni.

"Kitako kizima," akasema. "Apige."

Nikapiga. Risasi zangu zote zilipita tundu moja, na ya mwisho ilibisha hodi kwanza kuomba njia. Hounslow wakarudi kwao bila kumaliza sambusa. Mahendra alipiga mikono mitupu kwenye baridi ile, akakosa hata ubao.

Mpaka leo hajaniomba radhi. Siku hizi anaazima bunduki ya Surjit. Nimemwonya Surjit mara chungu nzima. Anacheka tu, ananiuliza mbweha hajambo.