Shikamoo ya Baba Mkubwa

…na asinibishie mtu, nilikuwepo, niliyaona yote kwa macho yangu haya, hata yaliyokuwa yakimchemka Mwaija kichwani niliyaona, maana hasira ile angeisoma hata aliyeishia darasa la nne kama mimi, amekaa kwenye benchi nje ya ofisi ya ustawi wa jamii, Korogwe, mwanawe Yusra yumo ndani na mshauri, dada Efrazia, wanafinyanga udongo, udongo jamani, mtoto kafanyiwa unyama na baba yake mkubwa kwenye banda la mahindi halafu dawa yake ndiyo kufinyanga ng'ombe na vyungu, na eti akitoka mtoto ataingia mama, aongee, aongee nini, yeye anaumwa nini, huku huyo baba mkubwa, Hussein, yuko nje kwa dhamana, anakunywa chai Makuyuni kwa raha zake… na ubavuni mama mkwe, Bibi Tatu, haishi kunong'ona, wazee wameshakaa, mbuzi wa suluhu yupo, baba Yusra karidhia, kimebaki kidogo tu, Ijumaa mtoto aletwe mbele ya watu ampe baba mkubwa shikamoo, aitikiwe, yaishe… shikamoo, Mwaija analitafuna neno hilo kama mchanga kwenye wali, maana si ndiyo hiyo hiyo, tangu mavuno Yusra akimwona Hussein anakuja anajibanza nyuma ya jiko, na nani kama si yeye mama yake alikuwa akienda kumtoa kwa kumvuta sikio, huna adabu wewe, mwamkie baba mkubwa, na lile lizee limesimama linangoja, mkono juu ya kichwa cha mtoto, marahabaaa mchumba wangu, uani wote wanacheka, Mwaija naye anacheka, anacheka, Mungu wangu, mtoto alikuwa anawaambia kila siku kwa kule kujificha, hakuwa na namna nyingine… halafu lilipojulikana wakaja mashangazi, akaja balozi wa nyumba kumi, akaja mwenyekiti wa kitongoji, kila mmoja anamkalisha, haya tuambie tena ilikuwaje, mpaka mtoto akaacha kusema kabisa, hata njaa hasemi, ni huyu Efrazia peke yake hakumuuliza kitu, alivua viatu akakaa naye sakafuni na udongo wake… kumbe udongo hautaki maneno, hautaki adabu…

"Mama Yusra," Bibi Tatu akasema, sasa kwa sauti, "ni neno moja tu. Linampunguzia nini mtoto?"

Linampunguzia nini, Mwaija analisikia likizunguka kifuani, linatafuta pa kutokea, na anaona vizuri kabisa nyumba yake, kuku wake, mume wake aliyesimama upande wa kaka yake, vyote vimebanwa chini ya hilo neno moja…

"Hatamwamkia, mama. Si Ijumaa, si Idi. Na mimi simwamkii tena."

"Basi usirudi Makuyuni."

"Basi."

Wala Mwaija hakupandisha sauti, Bibi Tatu akafunga kanga yake upya, mlango bado umefungwa, na Mwaija, ambaye dakika chache nyuma aliapa haingii kwa mshauri hata kwa kuburutwa, anangoja zamu yake, ana ya kusema sasa, tena mengi… na ndani humo kikasikika kicheko cha Yusra, chembamba, kikakatika.

Kicheko hicho tu ndicho nimekitia mimi hadithini. Mle ndani kulikuwa kimya.