Shahidi wa Ukuta

Tata Zéphirin alibandika sikio ukutani, akafumba macho, akabaki hivyo muda mrefu, mpaka Mama Honorine akaanza kuogopa kwamba mzee amesinzia wima.

“Tata, ukuta haisemake,” alimwambia.

“Inasemaka, mama. Tena hii inasema mingi.”

Alikuwa fundi wa tatu kuja kuiangalia sebule ile. Wa kwanza alivaa tai, akajiita antreprenere, mkandarasi, akatoa simu na kuonyesha picha za nyumba alizosema kazijenga kwa mikono yake. Moja ilikuwa na theluji juu ya paa. Mama Honorine alipouliza ile nyeupe ni kitu gani, jamaa alijibu kwamba ni rangi mpya, bado haijafika Kolwezi. Wa pili hakugusa ukuta hata kidogo. Aligusa kiti, akaketi, akauliza kama kuna kitu baridi, kisha akasema nyumba yote ivunjwe. Huyu wa tatu alikataa kiti. Alikuja kwa miguu, na mfuko wa plastiki wenye mwiko, pima maji na kamba ya kupimia iliyofungwa jiwe, akaenda moja kwa moja kwenye ufa kama mganga anayekwenda kwa mgonjwa bila kuonyeshwa kitanda.

Ufa wenyewe ulianzia chini karibu na mlango, ukapanda ngazi kwa ngazi kufuata matofali, ukafika karibu na dari. Mahali pa macho ulikuwa mpana, kidole kinaingia. Asubuhi jua lilipita humo na kuchora mstari mrefu sakafuni, na kuku walikuwa wakija kuudonoa.

“Mbele ya kutia simenti,” alisema Zéphirin, “niweke kwanza témoin.”

Mama Honorine alirudi nyuma hatua mbili. “Témoin? Mu nyumba yangu? Tata, sisi ni Bakatolika! Bale Bashahidi ba Yehova banapitaka hapa kila siku ya posho na bitabu yabo, sibafunguliake mulango. Na weye unataka kunibandikia moya mu salon?”

“Haiko muntu, mama.”

“Ao ni témoin ya ndoa? Bale bantu hata bado kuuliza mutoto, na weye uko unatafuta témoin!”

Zéphirin alicheka mpaka akashika kiuno. Kisha akaeleza, polepole, kwa kiganja chake mwenyewe juu ya ufa. Ni kipande cha plasta, upana wa mkono, kinachoshika pande zote mbili. Plasta haijui kujikunja. Kama ukuta umelala, kitabaki kizima. Kama unatembea, kitapasuka.

“Njo maana tunaiitaka témoin. Shahidi. Ananyamaza tu pale, anaona.”

“Na akipasuka?”

“Basi ugonjwa haiko mu ukuta. Ni udongo njo iko inatembea.”

“Isitembee mbele ya posho,” alisema Mama Honorine.

Posho ni Jumamosi. Siku zilizotangulia watu wa migodi walizihesabu kwa kazi, kazi ya kwanza mpaka ya tano, na ya sita walipokea posho ya unga, na jina likabaki hata baada ya unga kukoma. Posho hiyo, watu wa Fungurume walikuwa wanakuja kumuuliza, yaani kumposa, Chancelle, binti yake wa mwisho. Mama Honorine alitaka ufa uzibwe, mlango upanuliwe ili viti vipya vipite, na ukuta wote uwe wa rangi ya maziwa.

Alimtazama mzee kutoka viatu hadi kofia. “Weye njo ule wa mbuzi?”

Zéphirin aliinamisha macho. “Ni mi, mama.”

“Mi sina mbuzi,” alisema Mama Honorine. “Anza.”

Hadithi ya mbuzi ilijulikana mtaa wote wa Musonoi. Miaka mitatu nyuma Zéphirin alijenga ukuta wa ua karibu na shimo la mgodi, ukuta ulionyooka kama mstari wa daftari. Mwezi wa pili ukalala chini mzima mzima juu ya mbuzi aliyekuwa anawekwa kwa Noeli. Yeye alisema ardhi ilitembea kwa sababu ya baruti ya mgodi. Wakamuuliza, nani aliona? Siku zile hakuwa anaweka shahidi. Tangu hapo akaitwa Tata Mbuzi. Watoto walimlilia “meee” akipita barabarani, na kazi alizopata zilikuwa vyoo na mabanda ya kuku, maana kuku hawana maneno. Sebule ya Mama Honorine ilikuwa nyumba yake ya kwanza ya watu tangu siku ile.

Akachanganya plasta kwenye bakuli, akabandika shahidi katikati ya ufa, akaandika juu yake kwa msumari: KAZI 1.

Alikuwa ananawa mikono kwenye bomba nyuma ya nyumba pale Tata Edouard, mume wa Mama Honorine, alipomwita kwa kidole. Tata Edouard aliendesha pampu za mgodini mpaka alipostaafu, na bado alizungumza kwa sauti kubwa kama anashindana na mashine. Sasa alijaribu kunong’ona, na majirani wote wakasikia.

“Bibi yangu anakuita ufunge ufa. Mi nakuita uuache.”

“Tata, sielewi.”

“Posho kuna komisyo inapita, bantu ba kuandika manyumba yenye baruti inapasuaka. Yenye kuandikwa, benyewe batapewa ingine, kule mbali na shimo. Kwa bibi yangu, ufa ni haya. Kwangu ni karatasi ya kuhama! Ukiifunga, umenifunga kinywa.”

“Mama njo alinipa kazi.”

“Tumeoana miaka makumi tatu na moya,” alisema Tata Edouard. “Ndani ni yake, inje ni yangu. Ndani, funga. Inje, acha vile.”

Zéphirin hakuwahi kujenga nusu ya ukuta. Lakini alifikiria mabanda ya kuku, akakubali.

Sasa, wiki ile king’ora cha mgodi kilinyamaza. Kwa kawaida kililia saa saba mchana, baruti ikapigwa, watu wakashika sahani zao bila kuacha kula. Lakini kazi mbili kimya, kazi tatu kimya. Wengine walisema baruti imekwisha, wengine walisema wakubwa wana wageni. Saa saba ikifika, watu walijikuta wameshika sahani bure.

Zéphirin alipanua mlango. Alipiga plasta ndani, akaulainisha ukuta mpaka nzi wakateleza, akaacha dirisha dogo tu la ufa wazi, ukubwa wa kalenda, kumzunguka shahidi. Mama Honorine alitundika hapo kalenda ya korali ya parokia, waimbaji ishirini na wanne wenye shali za kijani, ili shahidi akae nyuma yao bila kuleta aibu. Kila asubuhi mzee aliinua korali na kutazama. Mzima.

“Unaona?” Mama Honorine alifurahi. “Ukuta inalala kama katoto.”

Tata Edouard naye alizidi kununa. Kazi nne alimvuta mzee pembeni. “Muchokoze kidogo na musumari. Kidogo tu. Nani atajua?”

“Mi nitajua. Hapana, tata. Huyu ni shahidi yangu pia.”

Ndivyo ilivyokuwa. Kama udongo hautembei, nani basi aliua mbuzi? Kazi tano, akirudi nyumbani, Zéphirin alijaribu kukumbuka mchanganyiko wa ukuta ule: ndoo tatu za mchanga kwa moja ya simenti. Au zilikuwa nne? Alisimama katikati ya njia, motokari moja ikampigia honi na dereva akamtukana. Hakusikia. Tatu. Hapana, nne?

Siku ya posho alifika mapema na brashi ya kugusia rangi. Ukuta uling’aa kama kikombe kipya. Saa sita na nusu, mama mmoja nadhifu, aliyejifunga kikwembe kipya cha bei, na mkoba mkubwa mkononi, aligonga mlango mpya. Mama Honorine akajua mara moja: huyu ndiye shangazi wa bwana harusi. Alimkalisha kwenye kiti kizuri kuliko vyote, chini ya korali.

Dakika ile ile pikipiki ilisimama nyuma ya nyumba. Akashuka mwanaume mwenye kofia ngumu, kizibao cha kung’aa na buti zenye vumbi la Fungurume. Tata Edouard akajua mara moja: komisyo hii hapa.

“Karibu, chef! Kuya uone ubaya mwenyewe.”

Yule mwanaume aliitwa Tata Kitenge, mjomba wa bwana harusi, msimamizi wa mafundi, na alikuwa ametoka moja kwa moja kazini. Alidhani labda ndiyo desturi ya watu wa Musonoi, kumwonyesha mgeni ubaya kwanza ili asilalamike baadaye. Akafuata kwa adabu.

“Hii nyumba ilishakufa,” Tata Edouard alinguruma. “Mu hii nyumba hakuna hata kintu kimoya kizuri. Andika!”

“Hata kimoya?” Tata Kitenge aliuliza kwa woga. “Hata mutoto?”

“Mutoto njo wa kwanza kuondoka! Leo leo, kama inawezekana!” Akamtilia fimbo mkononi. “Ingiza mu ufa. Ingiza, usiogope!”

Ndani, Mama Honorine alikuwa anapapasa ukuta kwa fahari. “Gusa, mama. Hapa hata mujusi hana pa kupitia. Toka tumeingia mu hii nyumba, ufa sijauona.”

Mgeni alitoa karatasi na kalamu. “Hata moja, mama?”

“Hata moya! Andika hivyo, na uende kubasomea kwenu.”

Mgeni akaandika. Ndipo korali ilipoanza kucheza. Kwanza wale wa mstari wa mbele walivimba tumbo. Kisha wote ishirini na wanne wakayumba kushoto, wakayumba kulia, wakainuka pamoja na miezi yao kumi na miwili, wakaanguka sakafuni. Ncha ya fimbo ilichungulia, ikarudi. Mahali pake likaja jicho.

“Hodi,” lilisema jicho.

Ilichukua muda mpaka kila mtu akajulikana ni nani. Yule mama nadhifu ndiye komisyo, Madame Mbuyu. Tata Kitenge aliingia na Tata Edouard, akavua kofia ngumu na kumwamkia Mama Honorine kwa mikono miwili, na Mama Honorine hakujua aangalie wapi. Chancelle, sinia la glasi mikononi, alibaki mlangoni kama picha.

Madame Mbuyu alikuwa amesogea ukutani. “Nani aliweka hii témoin?”

“Ni mi,” alisema Zéphirin.

“Kazi moya. Leo posho. Siku tano nzima, na haina hata ufa kama unywele.” Aligeuka kwa Tata Edouard, bila ukali. “Tata, huu ufa ni wa zamani. Ulishalala. Siwezi kuandika kama ni baruti.”

Tata Edouard aliketi kwenye kiti kipya na suruali yake ya bustani, na mkewe hakumkataza.

“Weye njo masoni?” Tata Kitenge alimgeukia Zéphirin. “Plasta yako ni safi sana. Mi natafuta mafundi.” Kisha akakunja uso. “Ngojea. Zéphirin wa Musonoi? Ule wa mbuzi?”

“Habari inafika mpaka Fungurume?”

“Madereva banabeba habari kuliko shaba, tata.”

Zéphirin alianza kufuta brashi yake, ingawa ilikuwa safi. Ndoo nne, alijiambia. Labda kweli zilikuwa nne.

Ndipo king’ora kilipolia.

Tata Kitenge alishika ukingo wa kiti, Mama Honorine alinyosha mkono kushika sahani ambayo haikuwapo. Baruti ilikuja kama mtu mzito anayeruka kutoka kwenye lori, mbali, chini ya miguu yao. Glasi za Chancelle zililia zote kwa pamoja, zikanyamaza moja moja. Vumbi kidogo lilishuka kutoka darini, likatua kwenye mabega ya watu wote bila upendeleo.

Shahidi alikuwa mzima.

Tata Edouard alifumba macho. Madame Mbuyu akafungua kalamu. Na hapo ikasikika sauti ndogo, kama karanga inayovunjwa kwa meno. Unywele mweusi ulianzia juu ya plasta, ukashuka taratibu, ukapita kati ya KAZI na 1, ukatokea chini.

Madame Mbuyu alifuta alichoandika. Tata Edouard, aliyeisubiri sauti ile mwaka mzima, hakupiga kelele. Alimtazama mke wake, na mke wake aliutazama ukuta wake wa rangi ya maziwa, kutoka mlango mpya mpaka darini, kama mtu anayesindikiza msafiri.

“Tata Kitenge, ikala,” alisema mwishowe. “Viti bado havijatembea. Chancelle, leta bintu.” Kisha, bila kugeuka: “Tata Zéphirin. Na ule mbuzi?”

Mzee aliweka brashi chini. “Ilikuwa siku ya posho pia, mama. Saa saba.”

Akachukua bakuli, akaomba maji, akachanganya plasta iliyobaki. Akabandika shahidi mpya chini ya yule aliyepasuka, akamlainisha kwa kidole gumba, na kwa msumari akaandika POSHO. Nyuma yake mjomba wa Fungurume alisimama na glasi yake, na mama wa komisyo, na wenye nyumba wawili wamegusana mabega. Nje, barabarani, mtoto mmoja alipita akilia kama mbuzi. Zéphirin aliinama karibu na plasta ile mbichi, akavimbisha mashavu, akaendelea kuipuliza polepole, kama mtu anayempoozea mtoto uji.