Sindano Kwenye Goti la Mchungaji

Wengine hupiga magoti, wakasali, wakainuka salama. Mchungaji mstaafu alipiga magoti mkekani Jumanne asubuhi akainuka na nusu ya sindano ndani ya goti la kulia. Sindano ilikuwa ya marehemu mkewe. Tangu wamzike, mwezi mmoja na siku nne, mzee alikuwa akijishonea vifungo mwenyewe, na kazi hiyo hakuwahi kuiweza.

Hospitalini wakamsukuma hadi chumba cha eksirei, na mpiga picha wa zamu alikuwa binti yake wa pekee. Hapo ndipo pagumu. Hawakuwa wamezungumza tangu msiba. Siku ya maziko mjukuu aliuliza bibi kaenda wapi, mzee akaonyesha juu kwa kidole, na binti akaropoka mbele ya waombolezaji wote: "Juu ni anga tupu, Baba! Darubini zimetazama huko mpaka mbali usikokujua. Hayupo mtu." Mzee aliinamisha kichwa. Binti naye ushindi ule haukumfaa kitu. Alikuwa amesoma fizikia na kuipenda, lakini alitaka mno mama yake awe mahali fulani, na tangu siku ile kila akianza Sala ya Bwana, ulimi uligoma kwenye neno "mbinguni".

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba."

Binti alimlaza mezani, akaweka bamba la picha chini ya goti, akaenda nyuma ya kinga ya mionzi na kubonyeza kitufe. Picha ilipotokea kwenye kompyuta, aliinama karibu na kioo. Sindano ilionekana katikati kabisa ya kiungo, kati ya mfupa na mfupa.

Mzee alikuwa ameshanyoosha shingo. "Basi nimekwisha. Imeingia kwenye kiungo."

"Ngoja kwanza. Hatusomi picha moja. Lala ubavu."

Akapiga ya pili. Kutoka ubavuni, sindano ilikuwa mbele kabisa, chini ya ngozi tu, wala haikukikaribia kiungo.

"Asante, Mungu," alisema binti, na neno likamtoka kabla hajalizuia.

Mzee alilisikia, akajifanya hakulisikia. Alizitazama picha zote mbili kwa zamu. "Kwa hiyo ile ya kwanza imedanganya?"

"Haikudanganya, Baba. Picha ni bapa. Ina urefu na upana, kina haina pa kukiweka. Cha mbele na cha nyuma inavilaza pamoja. Imeonyesha kila ilichoweza."

"Na kina kilikuwepo muda wote."

"Kilikuwepo. Si goti lako hilo?"

Mzee aliguna. "Na huko chuo mliambiwa vipimo vya ulimwengu ni hivyo vitatu, basi, duka limefungwa?"

Binti alicheka bila kutaka. "Wapo wanaopiga hesabu za vipimo kumi, hata zaidi. Lakini ni hesabu tu, hakuna aliyeviona. Na hata vikionekana kesho, sitakuambia Mungu amejificha humo. Nitakuwa nakudanganya."

"Nani kasema namtafutia Mungu chumba? Namtafutia nafasi kichwani mwako." Kisha sauti ikalegea. "Na mimi nina kosa langu. Miaka arobaini nimewaonyesha watu juu kwa kidole. Nilikuwa na picha moja, mwanangu, nikaisoma kama zote."

Binti aliketi kwenye kistuli. Kwa miaka kumi na miwili kazini hakuwahi kumruhusu mgonjwa yeyote aondoke na picha moja. Lakini habari ya mama yake mwenyewe aliikatia shauri kwa picha moja, tena mbele ya kaburi.

"Nisamehe, Baba."

"Nilishakusamehe palepale. Ulikuwa unalia, ila ulilia kwa maneno."

Daktari aliitoa sindano kwa ganzi kabla ya saa sita, na binti akamrudisha mzee nyumbani. Mzee alikaa kitandani, goti limefungwa bandeji nene, akautazama mkeka wake kwa uchungu.

"Nataka kushukuru na siwezi kupiga magoti," alisema. "Niazime yako."

Binti aliupapasa mkeka mzima kwanza, kwa viganja vyote viwili. Pembeni akaipata nusu nyingine ya sindano, uzi bado uko tunduni. Akaichomeka kwenye koti la mzee lililokosa kifungo, kisha akapiga magoti pale mzee anapopigia.

Alipofika kwenye "mbinguni" hakutazama juu, na ulimi haukugoma. Sala ilipokwisha, yeye hakuishia hapo. Alishukuru kwa goti, akashukuru kwa baba, akashukuru kwa mama popote alipo, akaanza tena upya, mpaka mzee, ambaye maisha yake yote alilaumiwa kwa sala ndefu, akamkatiza kwa "amina".