Salamu Kwanza, Presha Baadaye

Kompyuta ya kuaminika hapa Genkuru iko kwenye duka langu la steshenari, ndiyo maana mimi Teddy nikawa mwandishi wa Mama Regina. Mkwe wake, Rose, alikuwa na mimba ya miezi minane na presha ilikuwa inapanda. Dokta Lilian wa hospitali ya mjini alisema kila Jumatatu Rose apimwe kwenye duka la dawa, tumtumie kipimo kwa barua pepe. Kikizidi, atatuita.

Basi Mama Regina anakaa, ananitajia maneno.

"Andika: Daktari, hujambo? Watoto hawajambo? Huku mvua imenyesha. Ng'ombe wetu mmoja amezaa."

Kipimo kilikuja chini kabisa, baada ya ndama.

"Mama, tuanze na presha."

"Kwani kwenu Usukumani mtu anaingia nyumba ya watu anaomba maji bila kusalimia?"

Mimi nifundishwe salamu, Msukuma mzima! Nilinuna, nikaandika alivyotaka. Wiki mbili, barua mbili, daktari kimya.

Jumatatu ya tatu Rose alikuja mwenyewe, uso umevimba, ameshika kichwa. Kikaratasi chake kilisema mia na sitini kwa mia na kumi. Mama Regina alikuwa ananitajia barua, ameshafika kwenye habari za mvua. Nilifuta yote bila kumwomba ruhusa, nikaandika juu kabisa: ROSE PRESHA 160/110, KICHWA KINAMUUMA SANA.

Simu iliita kabla sijanyanyuka, ni Dokta Lilian. "Mleteni sasa hivi!"

"Hata salamu hakuna," Mama Regina alilalamika, huku anakimbilia gari.

Rose alipasuliwa mchana uleule. Yeye na mtoto walipona, lakini kwa shida.

Dokta Lilian alitutolea simu yake. Zile barua mbili za kwanza, kabla hazijafunguliwa, zilionyesha mstari mmoja tu: Daktari, hujambo? Watoto hawajambo?

"Nilidhani mnanisalimia tu," alisema. "Nikaziweka nizisome nikipata nafasi."

Akazifungua. Chini ya ndama, mia na arobaini. Kwenye ya pili, chini ya habari za mahindi, mia na hamsini. Niliona aibu, maana nilijua simu huonyesha mstari wa kwanza tu, na nilinyamaza kwa hasira zangu tu. Mama Regina aliutazama ule mstari muda mrefu.

Jumatatu iliyofuata alikaa kwenye kiti chake.

"Andika: Presha ya Rose mia na ishirini kwa themanini. Mtoto ananyonya. Umeandika?"

"Nimeandika, mama."

Alijifuta macho kwa kitenge.

"Haya. Sasa msalimie."