Baridi ya Kweli

Sisimizi walikuwa wamerudi. Mama Barafu aliwakuta bafuni asubuhi, mstari mwembamba kutoka kwenye ufa wa mlango hadi pale binti yake alipokojoa, wametulia kama wageni walioalikwa. Akawamwagia maji ya moto. Alipogeuka, wengine walikuwa wanaingia.

Miezi miwili nyuma walikuja hivi hivi. Ndipo hospitali wakamwambia kwamba Kidoti, mtoto wa miaka minane, ana kisukari: sukari inamjaa kwenye damu hadi inatoka na mkojo, na bila sindano kila siku hataishi. Sindano zikaanza, sisimizi wakatoweka. Sasa mbona wamerudi? Hajaruka sindano hata moja, haki ya Mungu!

"Mama, maji."

"Si umekunywa sasa hivi?"

"Sio mimi." Kidoti alikuwa amekaa sakafuni, mgongo kwenye friza, jagi tupu mapajani. Macho yalikuwa yamezama. "Kuna mwingine humu ndani. Mimi nameza, anakunywa yeye."

Mama Barafu akamwondolea jagi mapajani. Friza ilinguruma, ikanyamaza.

Kulikuwa na friza tatu katika chumba hicho. Miaka kumi na tisa alikuwa akigandisha maji, akiyavunja kwa nyundo na kuwauzia wauza samaki. Kutunza kitu, jamani, nani wa kumfundisha? Kikiganda hakiozi. Nesi aliposema dawa ikae kwenye baridi, kwanza aliiweka kwa jirani yake mshona nguo, Bi Pindo, mwenye friji. Lakini friji gani lile! Maji yanalala humo siku mbili na hayagandi hata juu. "Hilo ni kabati la vyombo, shoga," alimtania. Siku sita zilizopita, alipopewa chupa mpya, akaileta kwake na kuizika katikati ya barafu, penye baridi ya kweli. Kila saa ya sindano ilipofika aliitoa, akaibana kwapani hadi iyeyuke, ndipo akamchoma mtoto.

Bi Pindo aliingia na futi yake ya kupimia nguo shingoni, akasimama mlangoni akivuta pua.

"Mna matunda humu? Yameiva mpaka yanakera."

Hapakuwa na tunda lolote. Wakainusa meza, wakainusa ndoo. Harufu ilikuwa inatoka kinywani mwa Kidoti.

Bi Pindo akamvuta mwenzake pembeni. "Shoga, hiyo si sukari tena. Kuna kitu kimemwingia. Sindano iache kwanza, napajua mahali nitakapokupeleka."

Mama Barafu akayumba. Kusema kweli, alikuwa karibu kukubali. Dawa inaingia, mtoto anakauka. Mtu afikiri nini? Kisha Kidoti akatapika maji matupu, akaanza kuhema kwa kina, haraka haraka, kifua kikipanda na kushuka kama cha mtu aliyekimbia, naye hajaondoka hapo alipokaa.

"Hata kama ni jini, litanikuta hospitali," Mama Barafu akasema. Akambeba mtoto mgongoni, akaichomoa chupa kwenye barafu, akaibana kwapani, akatoka mbio.

Hospitali, nesi alimtoboa Kidoti kidole. Mashine ya kupimia haikutoa namba.

"Sukari imepita kipimo. Dripu, haraka! Mama, dawa anachomwa?"

"Kila siku, mwanangu. Hii hapa."

Nesi akaizungusha chupa viganjani, akaiinua kwenye mwanga. Chembe nyeupe zilikuwa zimenata kwenye kuta za kioo, hazikubali kuchanganyika.

"Ulikuwa unaiweka wapi?"

"Kwenye barafu. Si mlisema baridi?"

Nesi alishusha mkono polepole. "Mama yangu, baridi ya friji, sio ya friza. Dawa hii ikishaganda imekufa, na kuiyeyusha hakuifufui. Siku zote hizi mwili wake haukupata dawa. Haikukuunguza vidole kwa baridi?"

"Ingeniunguza ningejua! Kila siku naishika."

Nesi akamtazama vidole, ngozi yake nene inayong'aa kwa miaka ya kushika barafu. Akamwambia afumbe macho, akamwekea kitu kiganjani. "Hiki cha moto au cha baridi?"

Mama Barafu akakibana, akakigeuza, akakibana tena. Hakujua. Alipofumbua macho, kilikuwa kipande cha barafu, na maji yalikuwa yanamtiririka hadi kwenye kiwiko.

"Nimemuua mwanangu kwa mikono hii," akasema, akalia kwa sauti hadi wodi nzima ikageuka.

"Hajafa. Kaa hapa umshike."

Akamshika. Hakuweza kujua kama mtoto ana joto, kwa hiyo akamwekea shavu kifuani na kulibakiza hapo.

Siku ya tano waliruhusiwa. Nesi alimpa chupa mpya na maelekezo ya kuitunza kwake mwenyewe, bila kutegemea friji la jirani: chungu cha udongo chenye mchanga uliolowa, kivulini, mbali na friza. Mama Barafu akapanga kila kitu nyuma ya mlango. Akatumbukiza mkono kwenye mchanga, akasubiri. Mkono ulikuwa kama umeingia mahali pasipo na kitu.

"Kidoti. Njoo, mama."

Mtoto alikuja, bado mwembamba, akakunja mkono wa gauni. Akauzamisha mkono mchangani hadi kwenye kiwiko, akafumba macho.

"Vipi, ni baridi ya kiasi?"

"Ngoja kwanza, Mama."

Mama Barafu akapiga magoti mbele yake, chupa imefungwa kwenye upindo wa kanga, akimtazama usoni bila kupepesa.