Nchi ya Zimekwisha

Mimi si mtu wa ndoto. Nikilala nimelala, na mke wangu husema hata nyumba ikishika moto nitaomba kwanza nimalizie usingizi. Lakini ile alasiri niliyorudi kutoka mjini mikono mitupu, nikapanda dungu la kulindia shamba bila hata kunawa vumbi, nilisinzia nikiwa na hasira, na hasira hiyo ikanipeleka mahali ambako mpaka leo sijapasahau. Naandika ili nipate kuutua mzigo huu.

Kwanza mjue kilichonikasirisha. Sisi wa bonde la Namihu tunapakana na pori, na nguruwe wa pori hilo hawana mwezi wa kufunga. Mashamba yetu saba yameshikana na bunduki ni moja, ya marisau, niliyoachiwa na marehemu baba nikaikatia kibali kwa jina langu, Mshamu Ngaunje. Utaratibu wetu ni wa tangu wazee: kila nyumba hutoa pishi ya ufuta wakati wa mavuno, ufuta huuzwa, zinanunuliwa risasi, nami mwenye bunduki hulinda mashamba yote saba kana kwamba ni moja. Nguruwe wakiingia kwa fulani, fulani hupiga debe, nami nakwenda. Hatujawahi kuandikiana, na hatujawahi kugombana.

Mwaka huu, mahindi yakiwa yameanza kubeba, zikavuma habari kwamba risasi haziletwi tena. Ukiuliza nani kasema, kila mtu kaambiwa na mtu. Watu ambao bunduki zao zilikuwa zimeota kutu nyuma ya mlango wakakimbilia mjini kununua za kujaza sanduku, na bei ya asubuhi ikawa si ya jioni. Mimi sikuwa na wasiwasi. Mwenye duka la risasi ni Chande Nandonde, ambaye tuliingia naye jando siku moja na kulala mkeka mmoja, na kwetu watu wa jando moja hawanyimani hata maji ya mwisho. Nilimkuta amesimama mlangoni. "Zimekwisha, ndugu yangu," akasema, akanishika bega kabisa kwa huruma. Nikamwamini, nikampa pole ya biashara. Nilipozunguka nyuma ya duka kuchukua baiskeli yangu, nikamkuta mlanguzi mmoja mnene anafunga makasha ya risasi kwenye pikipiki, na Chande, aliyepitia mlango wa ndani, anamshikia kamba huku akimhesabia bei mara nne ya ile ninayoijua. Nikamwambia, "Ungeniambia tu kwamba hutaki kunipa." Aliangalia kamba.

Nilipofika shambani shemeji yangu Somoe alikuwa ananingoja chini ya dungu. Ni mjane wa rafiki yangu Kaundime, shamba lake limepakana na langu upande wa bondeni, na yale mahindi ndiyo chakula chake na cha wanawe watatu mpaka mavuno mengine.

"Shemeji, wameingia kwangu juzi na jana," akasema. "Nimepiga debe mpaka limetoboka."

"Zimekwisha, shemeji," nikamwambia. "Natoka mjini sasa hivi. Hakuna."

Na hilo la kutoka mjini lilikuwa kweli. Somoe akaitikia kwa kichwa, akateremka zake bondeni. Mimi nikapanda juu, nikalaza kichwa juu ya mfuko wangu, bunduki ubavuni, nikawa namlaani Chande, yeye na duka lake na bega langu alilolishika, mpaka macho yakafumba.

Nikajiona natembea katika nchi tambarare ya udongo mwekundu, ambayo nyumba zake zilikuwa na milango mizito ya mninga na hazikuwa na dirisha hata moja, na mahali ambapo kwetu mtu angeandika jina au aya ya kheri juu ya mlango, kule kila nyumba ilikuwa imeandikwa neno moja, Zimekwisha. Jua liliwaka lakini halikuwa na joto. Barabarani nikapishana na mtu anayebebwa mabegani. Hakuwa na miguu, wala hakuonekana kuihitaji, maana kila aliyechoka kumbeba alimpata mwingine wa kumpokea, na kila aliyempokea alinong'onezwa sikioni, na papo hapo akaanza kukimbia.

"Yule ni Tetesi," ikasema sauti kando yangu. "Usimdharau kwa kukosa miguu. Alifika kwenu kabla ya gari la mizigo."

Nilipogeuka nikamwona mwanamke wa makamo, amejifunga kaniki, ameshika kibaba cha mti kilicholika ukingo kwa miaka ya kupimia. Akaniambia jina lake ni Bi Kiasi. Alikuwa akizungumza taratibu, kama mtu anayemimina unga mara ya mwisho na hataki umwagike. "Nitakupeleka uliko ugonjwa wako, mwanangu," akasema, "lakini nina sharti moja. Kila utakachokiona, kipime kabla hujakilaani. Mwenye hasira hupima kwa jicho, na jicho halijai." Nikakubali haraka, maana nilidhani ananipeleka kwa Chande, na mtu anayepelekwa kwa adui yake habishani juu ya masharti.

Tukafika sokoni. Langoni alisimama Hofu. Nilitegemea kuona jitu lenye meno, kumbe ni bwana mpole, kanzu yake imepigwa pasi, anawapa pole wote wanaoingia. "Una watoto, ndugu yangu? Basi chukua mbili. Wadogo? Chukua kumi." Mmoja akamjibu kwamba hana mtoto. "Maskini," akasema Hofu, "basi wewe ndiye uchukue nyingi zaidi, nani atakusaidia?" Na ndani, nyuma ya meza iliyotandikwa kanga mpya, aliketi Bwana Ulanguzi, amependeza, anamwita kila mtu ndugu. Hakuwa na mizani, alisema zinachelewesha watu. Wala hakupokea fedha. Mnunuzi wa kwanza niliyemwona aliweka mezani salamu yake, akapewa risasi, akatoka akipita katikati yetu bila kumwambia mtu hujambo. Wa pili akaweka jirani yake. Wa tatu akaambiwa jirani mmoja hatoshi, bei imepanda tangu alipogeuka kutazama watu walio nyuma yake, akaongeza wa pili, na akashukuru.

Ndipo nikamwona Chande. Alikuja mezani bila haraka, akatoa kwapani mkeka mdogo wa ukindu, akautandaza. Niliujua. Kona yake moja ilikuwa imeungua, ilipodondokewa na kaa la moto tukiwa jandoni, nasi tukaapa mbele ya ngariba kwamba hatutasema ni nani kati yetu aliyechezea moto. Hatujasema hadi leo. Bwana Ulanguzi aliutazama ule mkeka juu na chini, akaukunja, akautupia chini ya kiti chake, ambako kulikuwa na mikeka mingine mingi, akampa Chande makasha mawili. Iliniuma, na sioni aibu kulisema. Nililia mbele ya watu nisiowajua, kwa sababu kuibiwa na mwizi mtu huzoea, lakini huyu nilimfunika nguo yangu siku alipokuwa na homa na mama yake hakuruhusiwa kumfikia.

"Niachie nimkamate," nikamwambia Bi Kiasi.

"Umekwisha kupima?"

"Kuna nini cha kupima hapa? Kaniuza."

"Kakuuza, kweli," akasema. "Mfuate basi uone alichokinunua."

Nikamfuata Chande hadi kwenye ghala refu nyuma ya soko. Kizingitini alikuwa amelala mwanamke mwembamba, kajifunika gubigubi, na kila aliyeingia alimruka. Nami nikamruka. Macho yangu yalikuwa kwenye mgongo wa Chande. Ndani, makasha ya risasi yalipangwa kutoka sakafuni hadi juu kwenye kenchi, safu kwa safu, na juu ya kila safu ameketi mtu na bunduki mapajani, kimya, anatazama mlango. Bi Kiasi akapita katikati yao na kibaba chake, akichota, akimimina, akihesabu kwa midomo kama wafanyavyo wanawake wa kwetu, mpaka akarudi nilipo.

"Theluthi tu ya hizi ingewatosha nyote hadi mavuno," akasema, "na ingebaki ya kufukuzia kima."

"Mbona nje wanasema zimekwisha?"

"Hazijakwisha, mwanangu. Zimekaliwa."

Kisha akanionyesha ufa ukutani, nikachungulia. Niliona mashamba, mabichi, mazuri, na nguruwe wanakuja kutoka porini kwa njia ya miguu, mmoja nyuma ya mwingine, hawakimbii wala hawajifichi, kama wageni waliokwisha kuambiwa chakula kiko tayari. Wakaingia shamba la kwanza. Debe likalia. Yule aliyeketi juu ya makasha karibu yangu akainua kichwa, akasikiliza, akasema, "Si langu," akakishusha. Wakaingia la pili, debe jingine likalia, na sauti nyingine ikasema gizani mwa ghala, "Si langu." Ikawa hivyo shamba kwa shamba, na kila lililoliwa lilikuwa si la mtu, mpaka madebe yakanyamaza yote na nguruwe wakabaki wanatafuna tu. Hakuna aliyepiga hata risasi moja. Waliogopa zingepungua.

"Chande yuko wapi?" nikauliza, maana sasa nilitaka tu nimwonyeshe ule ufa.

"Yuko pale juu. Umempima vizuri, sina la kuongeza," akasema Bi Kiasi. "Na hili ni la nani?"

Akagusa kwa kidole cha mguu kasha dogo, dogo kuliko yote mle ndani, ambalo mimi nilikuwa nimesimama juu yake ili niufikie ufa. Lilikuwa limefungwa kitambaa cha kaniki chenye kiraka cha bluu. Kiraka hicho alikishona mama yangu. Nikasema, "Hizo chache tu. Ni za akiba." Bi Kiasi hakunigombeza. Alinyoosha kibaba akaniambia, "Zitie humu, tuone ni chache za nani." Nikafungua kitambaa, nikamimina, lakini kilichomwagika hakikuwa risasi. Ulikuwa ufuta. Ulimiminika mpaka kibaba kikajaa, ukafurika, ukatiririka kwenye sakafu hadi kizingitini, kwa yule mwanamke aliyelala, naye akajiinua kwa kiwiko akaanza kuuokota punje kwa punje. Nikauliza jina lake ni nani.

"Huyo ni Amana," akasema Bi Kiasi. "Chande alimruka leo. Wewe ulimruka wiki mbili zilizopita, na leo tena."

Mwanamke akafunua uso. Sikungoja kuuona.

Niliamka jua likiwa limeinama lakini halijazama, shingo inaniuma. Inaniuma kwa sababu nililalia kitu kigumu, na kitu hicho nilikuwa nakijua. Nikafungua mfuko, nikatoa kitambaa cha kaniki chenye kiraka cha bluu, nikahesabu. Risasi kumi na moja, zilizonunuliwa kwa ufuta wa nyumba saba. Msinitetee kwamba nilisahau. Nilizificha tangu siku ile habari zilipovuma, nikajiambia nguruwe wakivuka bondeni wakapanda kwangu, nitakuwa nazo, na nikiwafukuzia wengine nitabaki na nini. Siku nzima nilikuwa namwita Chande msaliti, na kichwa changu kikiwa juu ya chakula cha watoto wa Kaundime.

Debe likalia bondeni. Nililijua kwa mlio wake, mlio mbovu wa debe lililotoboka. Nikaruka kutoka dunguni, nikakimbia na bunduki na mfuko, nikakatiza mahindi yangu mwenyewe, yote mazima, yamesimama, hata jani halijavunjwa, nikatokea kwa Somoe. Walikuwa tisa au kumi. Nilipiga mara mbili, mmoja akaanguka pale pale, wengine wakatimkia porini, na moshi ukabaki unaelea juu ya mabua yaliyolala. Karibu shamba lote lilikuwa limelala. Palisimama mistari minne tu upande wa nyumba, ambako watoto walikuwa wanapiga makofi na kupiga kelele tangu jana.

Somoe alikuwa katikati ya mabua, matope hadi magotini, debe mkononi. Akaitazama bunduki. Akautazama mfuko, uliokuwa umefunguka, na kitambaa, na zile tisa zilizobaki. Nikamngoja anitukane, maana ningejua la kufanya na matusi. Hakunitukana wala hakupaza sauti.

"Ungeniambia tu, shemeji," akasema, "kwamba hutaki kunipa."

Nilijikuta naliangalia debe.