Mashine ya Mipini Miwili

Hezron hakuwa mtu wa kuomba. Kule kijijini Ruanda, wilayani Mbozi, wazee wake walikuwa wahunzi wa majembe, na majembe ya dukani yalipoua kazi hiyo alikaa siku nyingi mbele ya tanuri lililopoa. Kisha akageukia kahawa. Kila mtu alikuwa ameanza kuipanda, na wote waliimenya kwa vidole mpaka vikachubuka.

Alichonga gogo la mninga, akalivika bati alilolitoboa kwa msumari. Akaweka mipini miwili ya kuzungushia, mmoja kila upande, kwa kuwa gogo lilikuwa zito, na kwa kuwa mdogo wake Isaka, aliyekuwa mgodini Kitwe, ng'ambo ya mpaka, mwaka wa sita, alikuwa ameandika kwamba anarudi.

Isaka alishuka kwenye lori la Tunduma mwezi wa Juni, amevaa suti, amekumbatia gramafoni. Siku tisa walizungusha pamoja. Buni nyekundu ziliingia huku, punje zikateleza kule, na watu wakaja kutazama. Isaka aliwatania kwamba kaka yake amemfuga ng'ombe asiyekula majani. Hezron hakuwa amecheka hivyo tangu mkewe afariki.

Siku ya kumi Isaka alifunga sanduku.

"Likizo imeisha, kaka."

"Mashine hii ni ya watu wawili."

"Tafuta mtu basi. Kijiji kizima kinakusifu."

"Sikuitengeneza kwa ajili ya kijiji kizima."

Isaka alitazama viatu vyake, akasema labda atarudi masika. Kisha lori likaja.

Hezron angeweza kumwita jirani. Hakumwita. Aliukata mpini mmoja kwa msumeno, akaivunja baiskeli yake, akafunga pedeli na mnyororo. Sasa mtu mmoja aliweza kuketi, miguu ikazungusha, mikono ikamimina buni.

Wa kwanza kuitaka alikuwa Tabita, ambaye mumewe naye alikuwa Kitwe. Alisema anataka hiyohiyo, ya mtu mmoja. Wakafuata wanawake wengine wenye waume walio mbali, hadi kutoka Isongole. Seremala akaziiga pedeli kwa kuchongea miguu ya viti; mnoa visu naye akaziiga. Wote walisifu akili ya Hezron. Hakuna aliyemwuliza wazo hilo lilimjiaje.

Wanawake walipoondoka na mashine alizowatengenezea, alimenya kahawa yake. Debe lilipokwisha hakuinuka. Aliendelea kukanyaga, gogo likizunguka tupu.